Fundi Aliyezisikiliza Gia

Ukifika kwa fundi wetu wa mtaa wa Katandala, kosa la kwanza lilikuwa kumwambia kwamba gari lako ni bovu. Alikutazama kama daktari aliyetajiwa dawa na mgonjwa, akafuta mikono kwenye koti lake, kisha akakueleza kwamba ubovu atautaja yeye. Kazi yako wewe ilikuwa kusema ulikuwa wapi, unapanda au unashuka, uko gia namba ngapi, klachi umeikanyaga mpaka wapi, na wakati huo ulikuwa unawaza nini. Hilo la mwisho halikuwa mzaha. Aliamini kwamba nusu ya gia zilizogoma Sumbawanga ziligoma kwa sababu dereva alikuwa anawaza mambo ya jirani.

Watu wazima, wenye vyeo vyao na matumbo yao, walisimama mbele ya mzee huyo mwembamba wakijieleza kama wanafunzi waliochelewa paredi. Wengine walikasirika wakaondoka. Baada ya wiki moja walirudi wakivutwa kwa kamba, naye aliwapokea kwa upole mkubwa, akawauliza habari za safari.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya gari la baba. Lilikuwa la zamani, refu, la rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha, na mkono wake wa gia haukukaa chini katikati ya viti kama kwa magari mengine. Ulichomoza pembeni mwa usukani. Baba, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya parokia, alilinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku hiyo hakutazama tena kitu kingine kwa macho yale. Nyumbani kwetu Izia tulizaliwa watoto watano. Gari lilikuwa la sita, na ndilo pekee lililopata viatu vipya kila lilipovihitaji. Mama aliliita mke mwenzangu. Kila Jumamosi asubuhi, baba akilipangusa kwa kitambaa laini, mama alimuuliza kama mke mwenzake ameamkaje.

Gia za usukani zina shida yake, na shida hiyo ndiyo iliyomfanya fundi awe mtu mashuhuri. Ule mkono unaoushika hauigusi giaboksi. Unashuka ndani ya usukani, unashikana na vyuma viwili virefu, na vyuma hivyo ndivyo vinavyokwenda kuiambia giaboksi unataka namba ngapi. Katika kila kiungo kuna bushi ndogo, kipete cha kuzuia vyuma visisuguane, na bushi zikilika, ujumbe unapotoka njiani. Fundi alisema ni kama kumtumia mchumba salamu kupitia kwa mashangazi watatu. Wewe unatuma namba mbili, inafika rivasi.

Basi wengine walipokimbilia kufungua giaboksi, yeye alianza kwa kukuamuru uzime injini. Ukishazima, ulitakiwa kuingiza gia zote, moja baada ya nyingine, naye ameinamisha kichwa kama anasikiliza habari za redioni. Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa na zikilia ikiwa imewaka, basi klachi haiachii, na giaboksi haina kosa. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, alijilaza chini ya gari, akavichomoa vile vyuma viwili, akaisukuma giaboksi yenyewe kwa mkono. Ikikubali, mkosaji yuko juu, kwenye vyuma na bushi zake. Ikikataa, hapo ndipo alipovuta pumzi na kuanza kutafuta spana kubwa. Huwezi kuingia ndani ya nyumba ya watu kabla hujapiga hodi, alisema, na akasema kama vile ametoa amri ya kumi na moja.

Kwa masikio yake nilikuwa naapa. Nilimwona akiwa amekaa kwenye kopo lake la oili nje ya gereji, gari likipita barabarani, naye bila kuinua uso anasema bushi ya chini hiyo, wiki mbili. Baada ya wiki mbili gari lilikuja. Lakini masikio hayo hayo, Jumapili, yalikaa safu ya pili ya kwaya, upande wa besi, na kutuharibia misa. Aliimba kwa sauti kubwa na kwa imani kubwa, na hakuwahi hata siku moja kuipata noti. Baba alimhamisha mara tatu, mwisho akamweka nyuma ya ngoma. Alilichukulia kama heshima.

Ndivyo alivyokuwa. Aliwafokea madereva kwa kupuuza breki, na baiskeli yake mwenyewe haikuwa na breki. Alisimama kwa soli ya kiatu cha kushoto, na ungeweza kujua amepita wapi kwa michirizi. Magari ya kisasa yanayojibadilishia gia yenyewe aliyaita magari ya wagonjwa, na mwenye gari la namna hiyo alipofika, alimuuliza kwa huruma amelazwa tangu lini.

Sumbawanga, kama kila mtu ambaye hajawahi kufika anavyojua, ni mji wa wachawi. Sisi tunaoishi hapa ndio hatuna habari. Kwa hiyo fundi alipata wateja wengi waliokuwa wameshapita kwa waganga. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa Namanyere aliyekuwa na pikapu ya gia za usukani. Pikapu hiyo ilitembea vizuri mji mzima, ila kila ilipokaribia nyumba ya kaka yake, gia zilikwama, mkono hauendi mbele wala nyuma. Ndugu hao walikuwa wamegombana kwa sababu ya shamba, na mfanyabiashara alikuwa na hakika kwamba kaka yake amefukia kitu barabarani.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, halafu akapanda naye pikapu mpaka Namanyere. Hapo ndipo penye sifa yake yote. Alisema ugonjwa unapimwa pale unapouma. Karibu na nyumba ya kaka kulikuwa na kilima kifupi chenye kona, na kila dereva alilazimika kutoka namba mbili kurudi namba moja kwa haraka. Chini ya usukani, vile vikono viwili vinavyovuta vyuma vilikuwa vimelika, vikawa vinang'ang'aniana kila vilipopishana kwa haraka. Fundi alifungua boneti, akaviachanisha kwa mkono, akamwonyesha. Siku hiyo hiyo alibadilisha bushi. Pikapu ikapanda kilima mara sita mbele ya majirani.

"Uchawi wa gari nimeutoa," alimwambia. "Ndugu yako ndiye aliyebaki, na mimi sina spana ya ndugu."

Yule mfanyabiashara hakurudi tena Katandala. Nilisikia alimpata fundi mwingine, mwenye adabu, anayekubali uchawi.

Gereji haikuwa ya fundi peke yake. Alikuwa na mwenzake, mtu mrefu, mpole, wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini-magharibi. Alikuwa amekaa Ufipa miaka ishirini, amezaa hapa, analima mahindi na ulezi kama sisi, na mtaa mzima bado ulimwita Mgeni. Fundi naye alimwita hivyo. Mgeni aliongea kidogo, na alipoongea, fundi alikuwa tayari ameshaanza kujibu.

Ndipo gari la baba likaanza kuchomoka gia. Kwenye tambarare lilikuwa halina neno. Ila ukiwa unateremka, umeachia mafuta ili injini ilizuie gari, mkono wa gia uliruka wenyewe kutoka namba tatu, na gari likabaki huru, linakwenda linakotaka. Baba alilipeleka Katandala. Fundi akamhoji, akazima injini, akaingiza gia, akachomoa vyuma, akasukuma. Kila kitu kilikubali. Basi akainamisha kichwa muda mrefu, akatoa hukumu kwamba meno ya namba tatu yamelika, akaingia ndani ya nyumba bila kungoja hodi yake ijibiwe. Alifungua giaboksi, akabadilisha alivyobadilisha, akafunga. Baada ya siku chache gia ikachomoka tena. Akafungua mara ya pili. Baba alilichukua gari likiwa limeoshwa, akaambiwa sasa limepona.

Wiki iliyofuata baba na mama walishuka bonde la Ziwa Rukwa kumsalimia dada yake mama, aliyeolewa huko na kulima mpunga. Wenye kuijua njia ile wanajua jinsi uwanda wetu unavyokatika ghafla, na barabara inavyoshuka kwa kona. Kona ya tatu, gia ikachomoka. Baba alikanyaga breki mpaka zikatoa moshi, halafu zikaacha kujibu. Akalielekeza gari ukutani, upande wa mlima, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na ukuta. Yeye alitoka na mchubuko wa paji la uso. Mama alivunjika nyonga.

Alilazwa miezi miwili. Alirudi nyumbani mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake, akamwambia baba kwamba kwa kawaida wake wenza hupigana kwa maneno.

Gari lilivutwa na lori mpaka gereji, fundi akakaa nalo wiki tatu. Hakuruhusu mtu kusogea. Alilirudisha likiwa zima, akampa baba funguo, akasema sasa limepona, maneno yale yale. Hakusema lilikuwa linaumwa nini. Baba hakuuliza. Walikuwa wanaume wawili wanaoheshimiana, na heshima ya namna hiyo haina maswali. Mwezi huo huo Mgeni alibeba sanduku lake la spana, akaenda kufungua gereji yake njia ya Namanyere. Fundi alisema mtaani kwamba wageni ndivyo walivyo, wakishajifunza wanaondoka.

Kisha vikaanza vyuma. Siku moja tuliamka tukamkuta fundi kwenye ngazi za nyumba yetu, anachimbia bomba la kushikia, ili mama apande vizuri. Hakuitwa na hakualikwa chai. Mwaka uliofuata akaweka lingine kwenye njia ya chooni. Mwaka uliofuata, bafuni. Alikuja kila mwaka kabla ya baridi, akachomelea, akapaka rangi, akaaga. Ilifika wakati nyumba yetu ikawa na vyuma vya kushikia kuliko basi la Mbeya. Mama alivitumia vyote, na kila alipokishika kipya alisema yule bwana hana mdomo, ana mashine ya kuchomelea.

Baba alipofariki, gari lilibaki kwangu. Ndugu zangu wako mbali na wana akili. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa hapa mjini, na nililiendesha kwa sababu sikuweza kuvumilia kuliona limesimama. Siku moja lilizimika njia ya Namanyere, nikalisukuma kwa msaada wa wapita njia mpaka gereji ya karibu. Ilikuwa ya Mgeni. Alilitambua kabla ya kunitambua mimi. Alipomaliza kazi, alipitisha mkono chini ya injini, akagusa kitu, akasema afadhali fundi aliubadilisha.

Nikauliza amebadilisha nini. Mgeni akajitia kutafuta spana, na mimi nikakaa kwenye benchi mpaka alipochoka kuitafuta. Akanieleza kwamba giaboksi ya baba haikuwa na kosa hata mara moja. Mpira wa kushikilia injini ulikuwa umekatika. Gari likiteremka, injini ilijivuta kwa mbele, giaboksi ikaenda nayo, lakini vile vyuma vya gia vimefungwa kwenye usukani, navyo havikwenda. Basi vilivutwa, na gia ikachomolewa. Ukilipima limesimama huoni kitu. Alikuwa amemwambia fundi hivyo, mara mbili, na kumwomba washuke nalo kwenye mteremko wakaone. Fundi alikataa. Alisema yeye anasikia, hana haja ya kwenda kutalii.

"Hakikuwa kiburi tu," Mgeni akasema. "Aliogopa."

Ujanani fundi alikuwa utingo wa lori lililokatika breki kwenye mteremko ule ule. Yeye aliruka. Waliokuwa juu ya mzigo hawakuruka. Alimsimulia Mgeni mara moja tu, baada ya pombe ya ulezi, na kesho yake akajifanya hakusimulia. Tangu ajali ile hakushuka tena bondeni. Alipoulizwa, alisema kule kuna mbu.

Ningependa kusema kwamba nilimhurumia. Niliacha kumsalimia. Nilipita mbele ya gereji yake asubuhi na jioni, naye akiwa kwenye kopo lake, nikatazama mbele kama dereva mwema. Mtu niliyempa shikamoo tangu sijajua kufunga viatu nilimpita hivyo miaka miwili. Mama sikumwambia kitu. Nilijiona mwenye busara kwa kunyamaza, bila kukumbuka kwamba kunyamaza ndilo kosa nililokuwa nimemkasirikia fundi.

Halafu nikasikia amepatwa na kiharusi, upande wa kulia. Gereji ikafungwa. Sikwenda kumwona. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na mwalimu siku zote ana mitihani ya kusahihisha.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, upepo wetu ule unaopita ndani ya sweta bila kubisha, mama akiwa barazani anapukuchua mahindi. Bodaboda ikasimama. Fundi akashuka polepole, mkono wa kulia umelala ndani ya mfuko wa koti, mdomo umevutwa kidogo. Nilimpa shikamoo kabla sijaamua kumpa. Akaitikia marahaba, akapita, akakaa kwenye kigoda mbele ya mama.

Walizungumza habari za mahindi, kwamba mwaka huu mvua zilikatika mapema. Maneno yake yalitoka mazito, na ilibidi ayapange. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Mama, lile gari nililifungua mara mbili. Ugonjwa haukuwa mle."

Mama akaendelea kupukuchua. "Ulikuwa wapi?"

"Kwenye mpira wa injini. Mwenzangu aliniambia. Alisema tushuke nalo tukaone. Mimi niliogopa kushuka."

"Ukamwacha mume wangu ashuke."

"Nilimwacha."

"Na mimi nikiwemo."

"Na wewe ukiwemo."

Mama aliweka gunzi chini. Alimtazama yule mzee, nami nikawa naogopa zaidi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mama. Akamuuliza kama neno samahani amelisahau nyumbani au limeanguka kwenye bodaboda. Fundi akaomba msamaha. Alilisema vibaya, kwa ule mdomo, ikabidi alirudie.

"Nimekuwa nakusubiri miaka kumi na minne," mama akasema. "Mguu nilishauzoea. Kilichoniudhi ni kwamba ulikuja kila mwaka, ukaondoka hujasema. Nikawaza huyu atakufa, na mimi nitabaki nasamehe mabomba."

Fundi alilia. Mama alimwacha alie, akachukua hindi lingine, akamaliza kulipukuchua. Ndipo akaniambia nikawashe gari.

Nikauliza tunakwenda wapi. Akasema bondeni kwa dada yake. Tangu ajali hakuwahi kushuka. Dada yake ndiye aliyekuwa akipanda kuja kwetu, mpaka magoti yalipomkataza, na sasa ulikuwa mwaka wa nne hawajaonana. Sababu aliyotupa siku zote ilikuwa nyonga. Siku hiyo akamgeukia fundi, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi kwamba yeye pia anaogopa, na kwamba waoga wawili kwenye kiti kimoja ni afadhali kuliko kila mmoja kwake.

Alikataa. Alitaja dawa zake, bodaboda iliyokuwa inamsubiri, mbu. Mama alikuwa tayari anajifunga khanga.

Walikaa nyuma wote wawili. Niliendesha kama ninayebeba mayai ya askofu. Uwanda ulipoisha na bonde kufunguka mbele yetu, nilirudisha namba tatu, halafu mbili, nikaachia mafuta. Injini ikaguna, ikalishika gari. Kwenye kioo nilimwona fundi amefumba macho, mkono wake mzima umekamata kiti changu kwa nyuma. Mama alikuwa anasali rozari kwa sauti ya kawaida, na kati ya salamu moja na nyingine alimwambia afumbue macho, asije akapitwa na ziwa. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu mama alikatisha salamu katikati, na gia ikakaa palepale nilipoiweka.

Chini kulikuwa na joto. Nilisimamisha gari kwenye kivuli cha kwanza nilichokiona. Fundi alifungua mlango, akatoka, akavua koti. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona bila koti, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mdogo. Aligeuka, akaitazama barabara tuliyotoka nayo, juu mpaka inapopotelea kwenye miamba.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

"Ni karibu," mama akamjibu kutoka ndani ya gari. "Ni wewe tu uliyechelewa."